Kimya cha Darasa la Tatu

Darasa la tatu limepatwa na nini?

Bi Mwatum alijiuliza swali hilo, ukili wa mkeka mkononi.

Nyumba yake ilikuwa jirani na shule ya Mitondooni, kitongoji kilicho njia ya kwenda Kengeja. Baina ya baraza yake na madirisha ya shule palikuwa na migomba kumi na miwili na kijia chembamba. Kwa miaka mingi sauti za watoto ndizo zilizokuwa saa yake. Darasa la kwanza wakianza kuimba "ba, be, bi", alijua kuwa ni wakati wa kuanika muhogo. Darasa la pili wakihesabu kwa pamoja, aliinjika chungu. Na darasa la tatu, darasa la binti yake Moza, walipoinua sauti zote arobaini kusoma kitabu chao, Bi Mwatum aliendelea kusuka huku moyo umemtua. Aliamini kwamba mtoto wake anasomeshwa.

Yeye mwenyewe alihitimu Kurani chuoni angali kigori. Alisoma kwa sauti, pamoja na wenzake, wakimfuata mwalimu aliyeketi mbele yao. Herufi za shule hakujifunza. Kwa hiyo, kwake yeye kusoma kulikuwa na alama moja tu: kusikika.

Basi siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1959, watoto walirudi darasani baada ya mapumziko, na sauti ya darasa la tatu haikuja. Bi Mwatum alisubiri. Alisuka pima nzima ya ukili. Bado kimya.

"Shoga," alimwita jirani yake Bi Mwanaasha, aliyekuwa akimenya muhogo upande wa pili wa ua. "Wasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndilo hilo n'kuulizalo. Yule mwalimu mpya kafa?"

"Akh, nawe. Asubuhi nimemwona akipita na baiskeli yake. Maiti hapandi baiskeli."

"Basi amelala."

"Labda," alisema Bi Mwanaasha, na akaendelea kumenya.

Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na siku ya tatu pia. Bi Mwatum hakuwa mtu wa kukaa na neno likamchachia tumboni. Alilisema kisimani. Kitongoji cha Mitondooni hakina gazeti, lakini kina kisima. Neno lililotoka kisimani asubuhi likiwa "labda amelala" lilifika dukani adhuhuri likiwa "hulala kila siku". Kufika magharibi lilikuwa nyumbani kwa Mzee Kificho, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na lilikuwa limeshaongezewa mkeka na mto.

Mzee Kificho alikasirika. Alisema kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, wazazi wote wakutane shuleni. Itaandikwa barua kwa wakubwa wa elimu kuomba mwalimu huyo ahamishwe, na kila mzazi atatia jina lake au alama ya kidole chake.

Bi Mwatum alikwenda mbali zaidi. Alikuwa na dada yake, Mwanabaraka, aliyeolewa Jadida, mjini Wete. Alikusudia kumpeleka Moza akae huko na kusoma huko. Siku ya Jumamosi, baada ya mkutano, gari la abiria lingepita alfajiri kwenda Wete. Moza angekuwamo, na kikapu chake.

Moza alikuwa na umri wa miaka kumi. Aliposikia habari hiyo alisema, "Mama, mimi sitaki kuondoka."

"Utakaa hapa usome nini? Kimya?"

"Ndiyo, mama. Kimya."

Bi Mwatum alidhani mtoto anamfanyia mzaha. Angemgombeza, lakini mumewe, Pandu, aliyekuwa ametoka konde na jembe lake begani, aliuliza swali.

"Umekwenda darasani ukaona?"

"Kuona kwa nini? N'na masikio."

"Mwenye masikio peke yake atalisifu debe tupu," alisema Pandu. "Nenda ukaone. Ukimkuta amelala, nitakwenda kumwamsha mwenyewe."

Asubuhi ya pili, baada ya kengele ya mapumziko, Bi Mwatum alivaa buibui lake, akavuka migomba, akasimama kando ya dirisha la darasa la tatu.

Mwalimu hakuwa amelala. Aliketi juu ya kiti chake, kitabu mkononi, anasoma. Watoto nao walikuwa wakisoma, na hakuna wawili waliosoma kitu kimoja. Huyu alishika kitabu chenye picha ya sungura. Yule alikunja kipande cha gazeti la zamani. Mwengine alikuwa na kijitabu chembamba kilichoshonwa kwa uzi. Moza alikuwa karibu na dirisha, kidole chini ya mstari. Midomo yake haikucheza. Ghafla alitabasamu peke yake, kama mtu aliyenong'onezwa jambo la kuchekesha, na hapakuwa na aliyemnong'oneza.

Bi Mwatum aliona ajabu, kisha akaona hasira. Kumbe mwalimu halali, anajistarehesha.

"Hodi," alisema mlangoni.

Mwalimu aliinuka, akatoka nje. Jina lake Nassor. Alikuwa kijana wa Jadida, mwembamba, mwenye chaki hata kwenye nyusi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu, mie sikuja kukaa. N'na neno moja. Mbona husomeshi?"

Mwalimu Nassor hakuchukia. "Nasomesha, mama."

"Kusomesha gani huku? Watoto kimya, nawe wajisomea barua zako."

"Si barua, mama. Ni kitabu cha hadithi. Hebu niambie, Moza alijifunza vipi kusuka ukili?"

"Kwa kunitazama mie."

"Nawe ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikisuka wangu."

"Basi nami nasoma changu. Mtoto asipomwona mtu mzima akisoma, atajuaje kwamba kusoma ni kazi ya watu, si adhabu ya shule?"

Bi Mwatum alihamia kwengine. "Na ule usomaji wetu wa zamani umekufa? Walikuwa wakisoma kitabu kizima bila ya kukosea. Mie nikiwasikia pale barazani."

"Nami niliwasikia," alisema Mwalimu Nassor. "Siku yangu ya kwanza hapa walinisomea kurasa kumi mfululizo. Nilifurahi mno. Kisha nikamwambia mmoja wao, tusomee ukurasa wa sita, mstari wa nne. Unajua aliniomba nini? Aliniomba aanze ukurasa wa kwanza, ili aufikie."

Bi Mwatum alijizuia asicheke, akashindwa. Alikijua kisa hicho. Yeye mwenyewe, akisahau aya katikati ya sura, hurudi mwanzo na kuikimbilia mbio mbio mpaka imtoke.

"Ndiyo, mama," alisema mwalimu. "Watoto hawa wana masikio mazuri sana. Waliokuwa wakisoma kwa kweli ni wanne au watano. Wenzao thelathini na tano waliwafuata kwa sauti. Ukiwa nje, huwezi kujua nani anasoma na nani anafuata. Hata mimi niliyekuwa ndani sikujua."

Akamweleza kazi yake. Asubuhi watoto husoma kwa sauti kama zamani, kwa sababu sauti nayo ina faida yake. Lakini baada ya mapumziko, kwa dakika ishirini, kila mtoto husoma kimoyomoyo, peke yake, kitabu alichokichagua mwenyewe. Kisha kwa dakika kumi huandika maneno yake mwenyewe katika daftari. Siku haipiti bila ya mambo hayo mawili. Mazoea hayajengwi kwa siku moja kubwa, alisema. Hujengwa kwa siku nyingi ndogo.

"Na mtoto ajuaje kuchagua?" aliuliza Bi Mwatum. "Si atachukua chenye picha nzuri tu?"

"Hufungua ukurasa mmoja, akausoma. Kila neno lisilomwelea, hukunja kidole kimoja. Mkono mzima ukikunjika, kitabu hicho kinamzidi kwa sasa. Akirudishe, achukue chengine."

"Na akikwama katikati?"

"Hanikimbilii mimi kwanza. Husoma mpaka mwisho wa sentensi, huenda maana ikamfungulia lile neno. Ikishindikana, hulivunja vipande vipande. Ikishindikana tena, humnong'oneza jirani yake. Mimi ni mtu wa mwisho kuulizwa. Siku moja atakuwa mahali ambapo mimi sipo, mama, na neno gumu litakuwepo."

Bi Mwatum alichungulia ndani. Pembeni mwa darasa aliona sanduku la mbao lililokuja na majani ya chai. Ndani mlikuwa na vitabu vichache vya kuazima kutoka Wete, magazeti yaliyokwisha siku zake, na vile vijitabu vya kushona.

"Vile navyo?"

"Vile wameviandika wenyewe. Vitabu tulivyonavyo havitutoshi. Kwa hiyo tunatengeneza."

Bi Mwatum alilivuta buibui lake. "Maneno yako mazuri, mwalimu. Lakini hata muuza samaki aliyeoza ana maneno mazuri."

Mwalimu Nassor alicheka. "Basi usiniamini. Leo alasiri mwambie Moza akusomee daftari lake. Wewe huna haja ya kujua herufi zetu. Msikilize tu, kisha umwulize maswali mawili: kwa nini, na ikawaje baadaye. Halafu uamue."

Alasiri ile Bi Mwatum alitandika mkeka barazani, akawaita watoto wake wote wawili. Jaribu, kaka yake Moza, alikuwa darasa la tano. Mwalimu wa darasa lake hakuwa Nassor. Bi Mwatum alilichukua daftari la Moza, akalifungua, akakunja uso. Mistari ilipanda na kushuka. Maneno mengine yalikatwa, na mengine yalichomekwa juu ya yaliyokatwa. Kisha akafungua la Jaribu. Herufi zilisimama sawasawa kama miche ya mikarafuu katika shamba la tajiri. Hapakuwa na doa.

"Ona la kaka yako lilivyotulia," alisema. "Hili lako limepitiwa na kuku?"

Jaribu alijinyoosha. "Mimi nilipata kumi juu ya kumi, mama."

"Hebu tusomee weye kwanza."

Jaribu alisimama, akasoma kwa sauti kubwa, macho yake yakitazama makuti ya paa: "Nyumbani kwetu. Nyumba yetu ni kubwa. Baba yangu ni seremala. Mimi nina kaka mmoja na dada wawili. Paka wetu anaitwa Mweupe. Tunaishi kwa furaha."

Pandu alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anatia mpini mpya katika jembe. Aliacha kugonga.

"Nani seremala?"

"Baba," alisema Jaribu.

"Baba yupi?"

Jaribu alitazama daftari, akamtazama baba yake, akalitazama tena daftari.

"Na huyo kaka yako yuko wapi?" aliendelea Pandu. "Na dada wa pili? Mwatum, hebu wahesabu watoto tena. Huenda wengine umewasahau kisimani."

Bi Mwanaasha, aliyesikia yote ng'ambo ya ua, alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Msicheke peke yenu. Ngojeni nilete la Bakar wangu." Bakar na Jaribu walikuwa darasa moja. Daftari lililetwa, na Moza akalisoma: Baba yangu ni seremala. Mimi nina kaka mmoja na dada wawili. Paka wetu anaitwa Mweupe.

"Bakar ni mwanangu wa pekee," alisema Bi Mwanaasha. "Na baba yake, msumari haujui kichwa wala ncha."

"Darasa zima tuna paka huyo huyo," alisema Jaribu kwa sauti ndogo. "Ndivyo ilivyoandikwa ubaoni. Tunanakili. Asiyekosea kunakili hupata kumi."

Wakubwa walicheka tena, lakini Bi Mwatum hakucheka sana. Alimwambia Jaribu, "Basi sasa andika ya kwetu. Ya kweli."

Jaribu alikaa, akachovya kalamu katika wino. Aliishika juu ya karatasi muda mrefu. Tone la wino likaanguka.

"Nianze vipi?" aliuliza. "Ubao hakuna."

Hapakuwa na aliyecheka safari hii. Kijana wa darasa la tano, miaka yote akipata kumi juu ya kumi, hakuweza kuandika jina la kazi ya baba yake mpaka aandikiwe na mtu mwengine. Bi Mwatum aliliona jambo hilo kwa macho yake, na halikuwa na sauti hata kidogo.

"Moza," alisema. "Soma lako."

Moza alisoma polepole, macho yake kwenye karatasi: "Leo baba amevunja mpini wa jembe. Alikasirika. Kisha kuku akaja akasimama juu ya jembe, baba akacheka. Mama anasuka mkeka wa harusi ya jirani yetu Mwatima. Miyaa myekundu ya kusukia imemwishia. Mtu mwengine angeufupisha mkeka, lakini mama hapendi kufupisha kitu, hata hadithi."

Pandu alimtazama mkewe. "Huyu mtoto anatujua."

"Siyo myekundu," alisema Bi Mwatum. "Iliyoniishia ni ya zambarau. Myekundu ninayo."

Moza alichukua kalamu, akalikata neno moja, akaandika jengine juu yake. Bi Mwatum alimtazama akifanya hivyo, akaelewa kwa nini daftari lile lilikuwa na makato mengi. Ukili uliokosewa hufumuliwa. Msukaji asiyefumua si fundi. Ni mtu asiyetazama kazi yake.

Akakumbuka maswali ya mwalimu. "Na ikawaje baadaye, kuhusu mkeka?"

"Sijui bado, mama. Hujanunua rangi."

"Kesho nitanunua. Uandike."

Siku ile Bi Mwatum aliweka sharti jipya nyumbani. Kila siku, baina ya alasiri na magharibi, Moza na Jaribu wangekaa barazani, penye mwangaza, wakasoma na kuandika. Sharti lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulishika, hasa kwa aliyeliweka. Siku ya kwanza alimtuma Moza chumvi. Akamtuma ungo kwa Bi Mwanaasha. Akamtuma akatazame kama kuku wameingia bandani.

"Mama," alisema Moza aliporudi mara ya tatu, "nimesoma mstari mmoja."

"Basi kaa, mwanangu. Kuku nitawatazama mie. Miguu n'nayo."

Jaribu alipata taabu zaidi. Siku ya kwanza aliandika mstari mmoja tu: "Baba yangu si seremala." Pandu aliusikia, akasema ni maneno ya kweli kabisa na hayahitaji nyongeza. Lakini siku ya pili nyongeza ilikuja. Jaribu aliandika kwamba baba yake hulima muhogo na migomba, na kwamba mkono wake wa kulia una kovu. Moza akamwuliza, "Kwa nini ana kovu?" Jaribu hakujua. Akaenda kumwuliza baba yake, na jibu lake likawa nusu ukurasa. Siku ya nne aliazima kijitabu cha kushona kutoka sanduku la darasa la tatu. Alikisoma kwa midomo inayocheza, kisha midomo ikatulia. Magharibi ilipoingia ilibidi aitwe mara mbili kwenda kutawadha.

Bi Mwatum alikuwa akisikiliza kila mtoto akisimulia alichokisoma. Hakusahihisha herufi, maana hakuzijua. Aliuliza kwa nini, na akauliza ikawaje. Aligundua kwamba aliyesoma kwa kweli hujibu, na aliyepitisha macho hutazama paa.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia, na Bi Mwatum alijua lile neno la usingizi lilitoka mdomo wa nani. Alijaribu kulirudisha. Alikwenda kisimani akasema, "Yule mwalimu halali. Nimemwona mwenyewe." Wanawake walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Siku hiyo alijua utakuja." Habari ya mwalimu aliyelala ilikuwa tamu kuliko habari ya mwalimu aliye macho, na hapakuwa na aliyetaka kubadilishana.

Siku ya Ijumaa baada ya sala wazazi walijaa katika darasa kubwa. Wanaume walikaa kwenye madawati, wanawake kwenye mikeka upande wa mlango. Mwalimu Mkuu alikaa pembeni. Mwalimu Nassor alisimama karibu na ubao, mikono nyuma. Juu ya meza palikuwa na barua iliyokwisha kuandikwa na kidau cha wino.

Mzee Kificho alianza. "Ndugu zangu, sisi tumewaleta watoto wetu hapa wasome. Shule ni sauti. Mimi nimepita njia hii miaka thelathini, na kila nikipita naisikia shule. Sasa napita, nasikia migomba. Mwalimu huyu ni kijana mwema, simtukani. Lakini kama hasomeshi, apelekwe pengine, na tuletewe anayesomesha. Mwenye neno aseme. Asiye na neno aje atie kidole."

Mtu wa kwanza alianza kuinuka. Bi Mwatum aliinuka kabla yake. Alikuwa hajapata kusema mbele ya wanaume wengi kiasi kile.

"Mzee Kificho, shikamoo. N'na neno. Habari hii ya kulala mwalimu nimeizusha mie. Nilikaa barazani kwangu, sikusikia kitu, nikasema amelala. Sikuwa nimeona. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Watu walinong'ona. Mzee Kificho alisema, "Hata kama halali, Bi Mwatum. Kusoma kimya ndiyo kusoma gani? Mimi sijapata kusikia kusoma huko."

"Mzee wangu, niruhusu n'kuulize. Jana adhuhuri ulisali jamaa msikitini?"

"Nilisali. Mimi sikosi."

"Ulimsikia imamu akisoma?"

"Adhuhuri husomwa kwa siri, bila ya sauti. Kila mtu anajua."

"Basi alikuwa amelala?"

Kicheko kilianzia mikekani, kikavuka mpaka kwenye madawati. Kikamfikia na Mzee Kificho. Kisha naye akacheka, mabega yakimtikisika. "Mwanamke huyu," alisema. "Haya, endelea."

"Magharibi imamu husoma kwa sauti, adhuhuri husoma kwa siri, na zote ni sala. Mwalimu huyu asubuhi anasomesha kwa sauti. Baada ya mapumziko ni kwa siri. Na kwa siri ndipo n'lipomjua nani kati ya wanangu asoma na nani afuata." Akawahadithia habari ya madaftari, ya seremala, na ya paka. Hakuficha kwamba mtoto aliyeshindwa kuandika ni wake. "Kila mwenye mtoto darasa la tano akifika kwake amwombe daftari. Amtafute huyo paka."

"Mweupe," alisema mtu mmoja nyuma ya darasa. "Wangu naye anaye. Mimi nilidhani ni wa jirani."

Watu walicheka kwa muda. Walipotulia, Mwalimu Mkuu aliinuka. Alisema kwamba amekuwa akilitazama darasa la tatu tangu mwanzo wa mwaka. Waliokuwa wakijua kusoma walikuwa wanne au watano, sasa wamefika wanane, na waliobaki wako njiani. Alikiri kwamba kunakili ubaoni kulikuwa desturi ya shule nzima, na yeye mwenyewe aliiacha iendelee. Alitaka darasa la nne na la tano nao wapewe dakika zao za kusoma kimoyomoyo na kuandika ya kwao kuanzia wiki ijayo. Lakini kazi ya shule hufia nyumbani isipopokewa, alisema, na ndiyo maana alikuwa akingoja kuwasikia wazazi kwanza.

Mzee Kificho aliitazama barua iliyo mezani, kisha akamtazama Bi Mwatum. Hakuwa mtu wa kugeuka haraka.

"Maneno tumeyasikia," alisema. "Lakini gari la Wete linapita alfajiri, na kitongoji kizima kinajua mtoto wako amefungiwa kikapu. Sema mbele ya watu. Umeamua nini?"

Watu wote walimgeukia. Moza alikuwa nje, kwenye dirisha, na mikono yake miwili ilishika ukingo. Bi Mwatum alimwona.

"Moza hapandi gari kesho," alisema. "Atasoma hapa Mitondooni, darasa la tatu, kwa Mwalimu Nassor. Jaribu naye ataandika kila siku maneno yake mwenyewe, akosee, akate, aandike tena. Nyumbani kwangu, baina ya alasiri na magharibi, mtoto aliyeshika kitabu hatumwi na mtu yeyote, hata mie mamake. Na barua hiyo, mzee wangu, mie sitii kidole."